Askari, Mfanyabiashara, Mtalii: Jinsi Futiboli ya Vyuo vya Marekani Ilivyofika Arusha

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu. Sijaitupa blogu hii, msijali. Kazi za gazeti zimenibana, na wale mnaofanya kazi za zamu mnajua: ukirudi nyumbani saa saba usiku, kitu pekee unachotaka kukiona ni mto. Leo nina siku ya mapumziko na umeme upo, basi nimeona nilipe deni.

Deni lenyewe lilianza Agosti 2025. Usiku mmoja nilikuwa dawati la michezo, kurasa zinakaribia kufungwa, nikawa natafuta habari fupi ya kuziba pengo chini ya ukurasa. Nikaiokota moja ya nje: timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa imeifunga ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas 24-21, mjini Dublin. Mhariri wa zamu akapita nyuma yangu, akasoma kwenye kioo, akacheka.

"Dogo, Iowa na Kansas ziko Marekani. Dublin iko Ireland. Angalia vizuri kabla hatujachekwa."

Nikaangalia vizuri. Ni Dublin kweli. Wanafunzi wa majimbo mawili ya wakulima wa mahindi na ngano, watu waliozoea kukutana nyumbani kwao kila mwaka, walikuwa wamevuka Bahari ya Atlantiki kwenda kumalizana Ireland. Mhariri akauliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo: kwa nini?

Kabla sijajibu, mpiga picha wetu mkongwe, ambaye alikuwa anasubiri usafiri wa kumrudisha nyumbani, akasema bila hata kunyanyua macho kwenye simu yake: "Mnashangaa Dublin? Hao watu wameshacheza Arusha."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Nimetumia muda mrefu kuichimba hadithi hii, na mzee alikuwa sahihi. Lakini ili uelewe ilikuwaje wanafunzi wenye kofia ngumu na mabega ya plastiki wakaja kugongana katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 100. Kaa vizuri, andaa chai.

Kwanza, tunazungumzia mchezo gani?

Tuelewane. Nikisema futiboli hapa sina maana ya soka letu la Simba na Yanga. Nina maana ya ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, timu mbili za watu 11 kila upande, ambapo unapewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, ukishindwa unampa mwenzako mpira. Ukifika mwisho wa uwanja na mpira mkononi unapata pointi 6. Ni binamu wa raga.

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba kwa Wamarekani mchezo huu katika vyuo vikuu ni mkubwa kuliko tunavyoweza kufikiri. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam unaingiza watu 60,000, na tukiujaza siku ya watani wa jadi tunaona tumemaliza. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan umejengwa kwa watu 107,601. Uwanja wa chuo, ndugu yangu! Wa wanafunzi!

Sasa mtu mwenye duka linalojaa hivyo nyumbani, kitu gani kinamtoa kwenda kutandika bidhaa ugenini? Nilipopanga tarehe zote kwenye karatasi nikaona jibu halikuwa moja. Futiboli ya vyuo ilivuka mipaka ikiwa imeshika mkono wa mtu mwingine kila mara: kwanza askari, kisha mfanyabiashara, kisha mtalii.

Askari

Kuna mzaha mdogo mwanzoni kabisa. Mchezo huu ambao Wamarekani wanajaribu kuuza nje, sehemu yake waliichukua nje. Mwaka 1874 timu ya Chuo Kikuu cha McGill cha Montreal, Kanada, ilikwenda kucheza na Harvard. Wakanada walikuwa wanacheza kwa kubeba mpira mkononi na kukimbia nao. Harvard wakaupenda mtindo ule, na Oktoba mwaka huohuo wakaenda Montreal kurudiana. Kwa hiyo moja ya mechi za kwanza kabisa za chuo cha Marekani nje ya nchi ilikuwa ya mwanafunzi kwenda kwa mwalimu wake.

Safari iliyofuata ilikuwa ya aina nyingine. Siku ya Krismasi ya mwaka 1907, timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana ilicheza Havana, Cuba, dhidi ya Chuo Kikuu cha Havana. Walioalika walifungwa 56-0. Ukisoma matokeo tu utacheka, lakini angalia mwaka. Kuanzia 1906 hadi 1909 Cuba ilikuwa chini ya jeshi la Marekani kwa mara ya pili. Wacuba walikuwa wanajifunza mchezo wa watu ambao bendera yao ilikuwa inapepea mjini mwao. Sisi watu wa pwani na bara tuliojifunza soka na kriketi kwa wamisionari na maofisa wa mkoloni hatuhitaji kuelezwa hilo kwa kirefu.

Havana iliendelea kupokea timu za Marekani kwa miaka mingi, katika mechi zilizokuja kujulikana kwa jina la kampuni ya pombe, Bacardi. Mojawapo ilichezwa Januari 1, 1937: Auburn na Villanova, zote za Marekani, zikatoka sare 7-7. Siku hiyo Wacuba walikuwa watazamaji tu. Inasimuliwa kwamba mechi nusura ifutwe kwa sababu picha ya Fulgencio Batista, mkuu wa jeshi na mwenye nchi halisi wakati ule, haikuwemo kwenye kijitabu cha mechi. Ikabidi watu wakimbilie kiwandani kuchapa upya. Ukifanya kazi ya gazeti Afrika huwezi kuusoma mkasa huo bila kutabasamu. Sote tunajua maana ya picha ya mkubwa kukosekana ukurasa wa mbele.

Askari walifika na mpira huo hata barani kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanzoni mwa 1944, wanajeshi wa Marekani waliokuwa Afrika Kaskazini waliucheza Oran, Algeria. Lakini wale walikuwa wanajeshi wanajipoza roho kati ya vita na vita, hawakuwa wanatafuta mteja. Vita ikaisha, wakafunga mizigo, mpira ukaondoka nao.

Mfanyabiashara

Mteja alipatikana Japani.

Hapa kuna kosa ambalo wauzaji wengi hulifanya, nalo ni kudhani kwamba kabla yao hakukuwa na kitu. Wajapani walikuwa wanacheza futiboli ya Kimarekani tangu 1934, kwa juhudi za mwalimu mmisionari Mmarekani aliyeitwa Paul Rusch, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Rikkyo, Tokyo. Rikkyo, Waseda na Meiji ndivyo vyuo vilivyoanza. Mwaka 1947, nchi ikiwa bado magofu ya vita na jeshi la Marekani likiwa limekaa humo, wakaanzisha mechi ya ubingwa wa vyuo inayoitwa Koshien Bowl. Inachezwa hadi leo.

Kwa hiyo mwaka 1976 Grambling na Morgan State walipotua Tokyo hawakukuta jangwa. Hivyo ni vyuo viwili vya kihistoria vya watu weusi, kimoja cha Louisiana na kingine cha Maryland. Kocha wa Grambling alikuwa Eddie Robinson, mzee aliyeanza kuifundisha timu ile 1941 na kuiacha 1997 akiwa na ushindi 408. Grambling walishinda 42-16. Mwaka uliofuata, 1977, wakarudi kucheza na Temple, wakashinda 35-32.

Nilisimama hapa kidogo. Robinson alianza kazi katika jimbo ambalo sheria zake zilimzuia yeye na vijana wake kucheza na vyuo vya wazungu, kulala katika hoteli zao, hata kula katika mikahawa yao. Miaka 35 baadaye vijana wa chuo kilekile ndio wanatumwa ng'ambo ya Pasifiki kuonyesha mchezo wa Marekani. Mmoja wa vijana wake wa miaka ile, Doug Williams, alikuja kuwa mchezaji wa kwanza mweusi kuongoza mashambulizi ya timu iliyotwaa ubingwa wa Super Bowl, Januari 1988. Huko nyumbani walikuwa bado wanabishana kama mtu mweusi ana akili ya kuicheza nafasi ile. Tokyo walikuwa wamemwona zamani.

Mechi ile ya 1977 ndiyo iliyozaa mfululizo wa kila mwaka. Iliitwa Mirage Bowl, na mdhamini alikuwa Mitsubishi, kampuni ya magari. Notre Dame walikwenda 1979 wakaifunga Miami 40-15. UCLA walikwenda 1980. Chuo cha Jeshi la Nchi Kavu, West Point, kilikwenda 1984. Mwaka 1986 udhamini ukahamia Coca-Cola na jina likabadilika pia. Na zingatia jambo moja: hizi hazikuwa mechi za kirafiki kama zile ambazo klabu za Ulaya huja kutembeza jezi. Zilikuwa mechi za msimu, zenye kuhesabiwa. Chuo kilikuwa kinaichukua mechi yake halali na kuipeleka maili maelfu kutoka kwa mashabiki wake.

Mechi iliyonikaa kichwani ni ya 1988, Oklahoma State na Texas Tech. Oklahoma State walikuwa na kijana anaitwa Barry Sanders, mfupi, mkimya, mwenye miguu ambayo walinzi waliishia kuikumbatia hewa yake. Ile tuzo kubwa kuliko zote za mchezaji wa chuo, tuzo ya Heisman, ilitangazwa New York wakati yeye yuko Tokyo akisubiri mechi. Akaipokea kwa njia ya satelaiti mbele ya kamera, asubuhi ya huko, kisha akaingia uwanjani na kukimbia yadi 332. Wakashinda 45-42. Msimu wake ule aliumaliza kwa yadi 2,628, rekodi. Moja ya siku kubwa kuliko zote katika historia ya mchezo wa Wamarekani, na walioiona kwa macho yao wengi wao walikuwa Wajapani.

Miaka mitano baadaye ikawa mwisho. Desemba 1993, Michigan State walihamishia Tokyo mechi yao ya nyumbani dhidi ya Wisconsin. Bahati mbaya au nzuri, Wisconsin walikuwa wanahitaji ushindi ili waende Rose Bowl kwa mara ya kwanza tangu 1963. Watu waliosubiri siku ile miaka 30 ikabidi wakae usiku mbele ya televisheni kuitazama ikichezwa upande wa pili wa dunia. Wisconsin walishinda 41-20. Baada ya hapo mfululizo ukafa. Uchumi wa Japani ulikuwa umeyumba tangu mwanzo wa miaka ya tisini, na mambo yaliyobebwa na mdhamini huanguka mdhamini anapopunguza mzigo.

Australia ilikuwa vilevile. Wyoming na UTEP walicheza Melbourne 1985, wakafuatiwa na Brigham Young na Colorado State 1987. Kisha kimya cha karibu miaka 30. Mwaka 2016 California na Hawaii wakacheza Sydney mbele ya watu 61,247. Mwaka 2017 wakaja Stanford na Rice. Kisha kimya tena.

Nilipofika hapa nikamkumbuka Wayne Rooney. Msishangae. Julai 2017 Everton ya Uingereza walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Rooney alifunga goli kutoka mbali, Everton wakashinda 2-1. Mji mzima ulisimama. Lakini walioleta ndege ile hawakuwa Everton wala Gor Mahia. Ilikuwa kampuni ya kubahatisha matokeo, SportPesa, ambayo jina lake lilikuwa kifuani kwa timu zote mbili. Mkataba wake na Everton ulikatishwa 2020, na Everton hawajaonekana tena Temeke. Nasema hivyo bila uchungu. Tulifurahi, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Lakini tujue tulikuwa tumekaa kwenye biashara ya nani.

Mtalii

Sasa tuje Dublin, kwenye lile swali la mhariri.

Ireland ni hadithi ya tatu. Mechi ya kwanza ya vyuo huko ilikuwa Novemba 1988, mwaka ambao Dublin iliadhimisha miaka 1,000 ya mji. Boston College waliwafunga West Point 38-24. Angalia walivyochagua: Boston College ni chuo cha Wajesuti katika mji uliojaa wajukuu wa Waairishi waliokimbia njaa na umaskini karne ya 19. Mwaka 1996 wakaja Notre Dame, ambao jina lao la utani ni Waairishi Wapiganaji, wakacheza na Chuo cha Jeshi la Majini katika uwanja wa Croke Park. Wakashinda 54-27.

Croke Park nao si uwanja wa kupita tu. Ni mali ya chama cha michezo ya jadi ya Ireland, na ndipo askari wa Mwingereza walipofyatulia watu risasi katikati ya mechi Novemba 1920 wakaua 14. Kwa sababu hiyo na nyingine, chama kile kilikuwa na kanuni ya kuzuia soka na raga, michezo ya Mwingereza, visichezwe humo. Kanuni ililegezwa 2005. Lakini Wamarekani walipokuja 1996 na mchezo wao ambao ni mtoto wa raga, mlango ulifunguliwa. Mchezo wa aliyekutawala unaufungia nje, wa ndugu zako waliohama unaukaribisha ndani. Siasa ya michezo haina aibu.

Mechi iliyobadilisha kila kitu ilikuwa ya Septemba 1, 2012. Notre Dame na Jeshi la Majini tena, safari hii katika uwanja wa Aviva. Notre Dame 50, Majini 10. Waliohudhuria walikuwa 48,820, na kama 35,000 kati yao walikuwa wamesafiri kutoka nje ya Ireland, wengi wao kutoka Marekani.

Hebu isome tena hesabu hiyo. Watu 35,000 kati ya 48,820. Hapo sasa nikaelewa. Soko jipya liko wapi hapo? Tokyo walikwenda kumtafuta Mjapani anunue gari na soda. Dublin hawakwenda kumtafuta Mwairishi. Walibeba soko lao wenyewe kwenye ndege, wakalihamisha pamoja na timu. Mwairishi anauza kitanda, bia, teksi na chakula cha jioni. Kwa hiyo ndiyo maana mdhamini mkuu wa mechi za sasa ni Aer Lingus, shirika la ndege. Mtu anayeuza viti vya kuvuka Atlantiki anajua anachokifanya.

Na mpango huo unafanya kazi. Penn State 2014, Georgia Tech 2016. Mwaka 2020 ukavurugwa na korona, Notre Dame na Majini wakabaki nyumbani. Tangu 2022 mechi imechezwa kila mwaka mwishoni mwa Agosti. Ile ya 2022, Northwestern na Nebraska, ilikuwa na kioja chake: intaneti ya uwanja ilikatika, mashine za kulipia kwa kadi zikagoma, na wenye uwanja wakaamua kugawa chakula na bia bure. Nebraska walikuwa mbele 28-17, wakaishia kufungwa 31-28. Wiki mbili baadaye kocha wao, Scott Frost, alikuwa hana kazi. Ndiyo kusema bia ilikuwa ya bure, mechi haikuwa ya bure.

Halafu Arusha

Jumamosi ya Mei 21, 2011. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Drake, chuo kikuu cha mji wa Des Moines, Iowa, dhidi ya kikosi cha wachezaji bora wa vyuo binafsi vya Mexico. Mechi iliitwa Global Kilimanjaro Bowl, na ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya chuo cha Marekani kucheza futiboli katika bara la Afrika. Mbele ya watu karibu 12,000, Drake walishinda 17-7. Baadaye wachezaji wakafanya kazi za kujitolea na wakapanda Mlima Kilimanjaro.

Nimekaa na habari hii muda mrefu nikijaribu kuiweka kwenye moja ya makapu yangu matatu. Askari? Hapana. Mfanyabiashara? Aliyeiandaa alikuwa kampuni ya Patrick Steenberge, mchezaji wa zamani wa Notre Dame, ambaye kazi yake ni kupeleka timu nje. Lakini hapakuwa na Mitsubishi wa kutuuzia magari. Mtalii? Hapo tunakaribia. Walikuja kama watu wengi wanavyokuja Arusha: mlima, hifadhi, kazi kidogo ya kujitolea, picha, ndege ya kurudi. Tofauti ni kwamba walikuja na mpira wao.

Na kuna jambo ambalo linanifanya niwaheshimu. Drake hawatoi ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa futiboli. Vijana wale hawakuwa Barry Sanders. Walikuwa wanafunzi wanaosoma, wanaojilipia au kulipiwa na wazazi, wanaocheza kwa sababu wanapenda. Katika historia hii yote ya wadhamini na satelaiti, huenda mechi iliyokuwa karibu zaidi na maana ya neno "wanafunzi" ilichezwa Arusha.

Kwa sababu upande wa pili wa biashara hii ndio huu: miaka yote niliyoitaja, toka Havana hadi Dublin ya 2012, wachezaji hawakuruhusiwa kulipwa. Kampuni ya magari ilipata jina, ya soda ilipata jina, chuo kilipata chake, kocha alipata mshahara. Barry Sanders siku ile Tokyo alipata tuzo na nauli ya kurudi. Ni Julai 2021 tu ndipo wachezaji wa vyuo waliporuhusiwa kuuza majina na sura zao kwa matangazo, na ni Juni 2025 ndipo mahakama ilipoidhinisha makubaliano ya vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Iowa na Kansas walipokutana Dublin Agosti ile, walikuwa katika msimu wa kwanza wa utaratibu huo mpya. Habari yangu ya maneno 60 chini ya ukurasa haikulisema hilo. Nami sikulijua.

Kilichobaki

Nikipima mambo yote haya naona kitu kimoja kinajirudia. Mahali ambapo futiboli ilibaki ni mahali ambapo wenyeji waliichukua wakaifanya yao. Koshien Bowl ilianza kabla ya Mirage Bowl na ikaishi baada yake. Mechi za wageni zilikuwa mapambo juu ya nyumba iliyojengwa na watu wengine. Havana hakikubaki kitu cha maana. Dublin kinachobaki ni bili ya hoteli iliyolipwa, na si haba. Arusha ilibaki mji wa soka na wa mbio ndefu kama ilivyokuwa.

Lakini kuna kilichoniuma zaidi ya hicho. Nilimrudia mpiga picha wetu wiki iliyofuata, nikamwomba picha za siku ile. Akanitazama.

"Zilikuwa kwenye CD," akasema. "CD zilikuwa kwenye boksi. Boksi lilihama na ofisi."

Ofisi ya wakati ule haikuwa hii ya sasa, msianze kutafuta mchawi. Nilimuuliza anakumbuka nini. Akasema anakumbuka makelele ya vile vifaa vikigongana, ambayo hakuyategemea, na watoto waliokuwa wanashangilia kila mtu akianguka kwa sababu hawakujua washangilie nini kingine.

Hicho ndicho nilichokipata kutoka upande wetu. Habari nyingine karibu zote nilizozisoma kuhusu siku ile ziliandikwa na wageni, kwa ajili ya wageni. Zinasimulia vijana wa Iowa walivyoguswa, walivyobadilika, walivyofika kileleni. Ni sawa, ni safari yao. Ila mechi ilichezwa katika uwanja wenye jina la Sheikh Amri Abeid, malenga, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, mtu aliyeandika kitabu kizima cha kufundisha sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili ili yasipotee kwa uzembe wa kutoandika. Na sisi tulioalika, watu karibu 12,000, hatukuandika.

Watarudi, hawa au wengine. Afrika ina vijana wengi na simu nyingi, na wenye michezo ya Marekani wameshaanza kuzihesabu. Siku wakirudi sitaki tuwafungie mlango, na wala sitaki tuishie kupiga makofi tu. Nitakwenda na daftari langu, na nitauliza maswali matatu ambayo historia hii imenifundisha. Nani amelipia ndege? Nani amekaa jukwaani? Na wakishaondoka, mpira watatuachia au watabeba?

Kama ulikuwepo Arusha siku ile ya Mei 2011, au mzazi wako, au kaka yako aliyekuwa anasoma huko, niandikie. Kama una picha, usiipeleke kwenye boksi.